Mlidhani Wamongolia hawajui kulima?

Wasee, kuna hadithi tulilishwa tangu shule ya msingi na sidhani kuna mtu aliwahi kuiuliza swali. Kwanza binadamu aliwinda, halafu akafuga, halafu akapata akili akalima, halafu akajenga mji. Kama ngazi. Kwa hivyo ukisikia Wamongolia wengine bado wanahama na mifugo hadi leo, kichwa chako kinaenda moja kwa moja: hawa walikwama ngazi ya pili.

Mimi hiyo ngazi siiamini, na nchi inayoivunja vizuri kabisa ni hiyo hiyo Mongolia.

Anza na ardhi yenyewe. Mongolia iko juu, iko mbali na bahari, na baridi yake si hii yetu ya Limuru mwezi wa saba. Ulaanbaatar, mji mkuu, usiku wa Januari kufika nyuzi 30 chini ya sufuri si habari ya kuandikwa gazetini. Mvua nayo ni ya kuhesabu. Sehemu nyingi za jangwa la Gobi hazifikishi milimita 100 kwa mwaka, na kwenye nyika za nyasi ni kama 200 hadi 300, karibu yote ikishuka Juni hadi Agosti. Muda ambao mmea unaweza kuishi bila kugandishwa na baridi ni kama miezi mitatu tu. Halafu hiyo mvua kidogo haina adabu: mwaka huu inanyesha bonde hili, mwaka ujao inaruka inaenda la pili.

Sasa piga hesabu. Mwenye shamba amefungwa na ekari zake; mvua ikimruka, amekwisha. Mwenye kondoo anawaswaga anaenda penye nyasi. Mimi niliacha chuo, usiniite profesa, lakini hii haihitaji digrii.

Na kuhama kwenyewe si kutangatanga vile watu hudhani. Familia ina kituo chake cha majira ya baridi, kwa kawaida mahali palipokingwa na upepo, na nyasi za hapo haziguswi wakati wa joto. Zinaachwa zisimame, zikauke, zingoje. Hilo ndilo ghala lao, tofauti ni kwamba halina ukuta. Nyumba, ile ya mviringo inayoitwa ger, ni miti na sufu iliyoshindiliwa. Inafunguliwa ndani ya saa chache na kupakiwa, zamani kwa ngamia na siku hizi mara nyingi kwa lori.

Kitu kilinipendeza zaidi ni mifugo. Wanafuga aina tano: farasi, ng'ombe (pamoja na yaki, yule wa manyoya marefu), ngamia wa nundu mbili, kondoo na mbuzi. Nilidhani ni tamaa tu ya kuwa na kila kitu, kumbe kila mmoja ana kazi yake. Theluji ikifunika nyasi, farasi anaichimba kwa kwato hadi afikie chakula. Ng'ombe hawezi hiyo kazi vizuri, kwa hivyo anafaidika farasi akishapita. Kondoo na mbuzi wanakula karibu na udongo, ng'ombe anataka nyasi ndefu, ngamia anatafuna vichaka ambavyo wengine hawavitaki. Maziwa ya farasi yanachachushwa yanakuwa airag, maziwa mengine yanakaushwa yanakuwa jibini gumu la kuliwa baridi ikifika. Kinyesi kikikauka ndicho kuni, maana miti ni michache kwenye nyika. Niambie shamba gani la mahindi lingewapa hayo yote mahali kama pale.

Mtu atasema basi hawakujua kilimo. Walijua sana! Bonde la Orkhon, ambako Ögedei alizungushia ukuta mji wa Karakorum mwaka 1235, lilikuwa na mashamba, na hata kabla yao Wauighur walikuwa wamelima hapo. China, jirani yao, ilikuwa imelima kwa maelfu ya miaka. Kuna kisa maarufu ambapo wakuu wengine wa Kimongolia walitaka mashamba ya kaskazini mwa China yageuzwe malisho. Mshauri mmoja, Yelü Chucai, akamwonyesha Ögedei kwamba wakulima wakiachwa walime na walipe kodi, nafaka, hariri na fedha zitakuja zenyewe. Ögedei akakubali. Huyo si mtu aliyeshindwa kuelewa jembe. Aliliona likifanya kazi mahali pake, akalitoza kodi, na nyumbani watu wakabaki na farasi, ambao ndio waliokuwa jeshi lao.

Karne ya 20 serikali ya kikomunisti ilijaribu kweli. Kuanzia mwaka 1959 nyika zililimwa kwa matrekta, wakapanda ngano kwenye mashamba makubwa ya serikali. Ilitoka, sitadanganya, na sehemu za Selenge kaskazini zinalima ngano hadi leo. Lakini ilihitaji mafuta, mashine na pesa za serikali, na mfumo ulipoanguka miaka ya 1990, mashamba mengi yakaachwa. Ardhi ya kulimika haifiki asilimia 1 ya nchi yote.

Sasa mjue si hadithi tamu tu. Kuna baya linaloitwa dzud, majira ya baridi makali ambapo nyasi zinafungwa chini ya theluji au barafu na mifugo inakufa ikiwa imesimama. Ile ya 2009 hadi 2010 iliua mamilioni. Ya 2023 hadi 2024 iliua zaidi ya milioni 7. Familia iliyopoteza wanyama wote inahamia vilima vinavyozunguka Ulaanbaatar, inapiga ger hapo, inachoma makaa ya mawe, na moshi wa ule mji wakati wa baridi ni hatari.

Ndipo watu wanasema: si mliona, watulizwe. Mimi naona wanasoma ugonjwa vibaya. Tangu 1990 mbuzi wameongezeka ajabu kwa sababu sufu yao laini, kashmiri, inalipa. Malori ya serikali yaliyosaidia kuhama yaliisha, visima vikaharibika, familia nyingi zikawa zinahama kidogo kuliko zamani. Nyasi zinaumia pale ambapo mifugo inakaa sana. Ng'ambo ya mpaka, Mongolia ya Ndani iliyo chini ya China, malisho yaligawanywa kwa familia na kuzungushiwa waya, na nyika nyingi zikachakaa vibaya. Kama unatoka Kajiado, hauhitaji nikuelezee waya unamfanyia nini mfugaji.

Katiba ya Mongolia ya 1992 inasema malisho hayawezi kuwa mali ya mtu binafsi. Kila mara kuna mtu anakuja na wazo la kuyagawa ili "yatunzwe vizuri". Ningekuwa na kura Ulaanbaatar ningekataa, halafu ningeuliza ni nani atarudisha yale malori na kutengeneza visima kabla baridi haijafika.