Pua ya Gari Kuukuu

Leo twasema habari ya taa moja ndogo ya manjano, yenye picha ya injini, iwakayo mbele ya dereva. Hapa Kanyenye twaona Noah na Hiace zikitoka Sikonge, Urambo na Nzega. Nyingi zimepita miaka ishirini, na taa hiyo haizimiki. Dereva mmoja huibandika karatasi asiione. Mwingine huambiwa na fundi, “Sensa ya oksijeni imekufa.” Hununua nyingine kwa fedha ya ada ya watoto, na baada ya juma moja taa yawaka tena.

Mpagazi wa misafara ya zamani, aliyepita Tabora na mzigo wa karibu frasila mbili, alipoumwa alisema mwenyewe. Gari halina kinywa ila taa hiyo. Basi yafaa tujue lasema nini.

Sensa ya oksijeni ni chombo kidogo mfano wa plagi, kilichofungwa katika bomba la moshi karibu na injini. Mimi naiita pua, kwa sababu kazi yake ni kunusa moshi na kujua hewa ya oksijeni iliyobaki humo. Mama apikaye kwa kuni aijua habari hii: moto ukikosa hewa, moshi hujaa nyumba na kuni huisha bure. Petroli nayo ni vivyo hivyo. Kilo moja yataka kilo 14.7 za hewa ipate kuungua sawasawa. Hewa ikizidi, sensa hutoa umeme mdogo sana, kama volti 0.1. Petroli ikizidi, hutoa kama volti 0.9. Kompyuta ya gari husoma umeme huo na kuongeza au kupunguza petroli. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuitoa mwaka 1976, kwa magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani.

Adui mkubwa wa sensa alikuwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006. Siku hizi pua hii yaweza kuishi miaka mingi, isipokuwa injini yala oili, au mtu amejaza petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Hapo masizi huifunika.

Kwa hiyo usikubali upesi kwamba imekufa. Sensa ni shahidi, na mara nyingi shahidi huadhibiwa kwa kusema kweli. Bomba la moshi likitoboka kabla ya kuifikia, hewa ya nje huingia, nayo sensa hutoa habari kwamba hewa imezidi. Kompyuta huongeza petroli, na mwenye gari hulia kwamba gari lanywa. Badili sensa mara tatu ukitaka, tundu liko pale pale.

Na tundu hilo si jambo la petroli tu. Moshi wa gari una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ndiyo ile ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Bomba likivuja chini ya sakafu iliyoliwa na kutu, madirisha yakafungwa kwa ajili ya vumbi, gesi hiyo huwapata abiria. Fikiri mama mjamzito apelekwaye hospitali ya Kitete katika gari la namna hiyo! Abiria wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu wote pamoja, simamisha gari, fungua milango, washuke.

Basi fundi aanze kwa kulala chini ya gari. Atafute alama nyeusi za masizi penye maungio ya bomba. Kisha atazame mipira ya hewa kama imepasuka. Katika Toyota nyingi za petroli za miaka ya 1990 kuna kisanduku cha kupimia. Ukiunga waya mfupi kati ya TE1 na E1, ukafungua swichi bila kupiga injini, taa hukonyeza hesabu. Mara mbili, kituo kidogo, kisha mara moja, ndiyo 21, yaani sensa ya oksijeni au waya wake. (Hiace kuukuu ya dizeli haina sensa hii kabisa. Akuuziaye ya dizeli hiyo, muulize ataifunga wapi.)

Ikithibitika kwamba imekufa kweli, ibadilishwe injini ikiwa vuguvugu, si ya moto mkali. Itiwe oili ya kulegeza kutu, ingojewe. Nyingi hufunguliwa kwa spana ya milimita 22, nyingine zimefungwa kwa nati mbili. Anayeilazimisha kwa bomba refu ataharibu nyuzi za skurubu, na hiyo ni gharama ya pili. Mpya ihesabiwe waya zilingane na ile ya kwanza. Ncha yake isiguswe kwa grisi, wala gundi ya silikoni isitumiwe karibu nayo, kwani huiua. Waya usilale juu ya bomba.

Mwisho, fyuzi ya EFI itolewe kwa nusu dakika, irudishwe, ili kompyuta isahau kosa la zamani. Kabla ya kazi na baada yake, andika katika daftari lita ulizotia na kilomita ulizokwenda, tuseme Tabora hadi Urambo na kurudi, kwa safari tatu. Lita zisipopungua, mrudishie fundi gari, alale tena chini yake.