Mama Ana Haki ya Kujua Sababu ya Kisu



KUONA

Katika kikao kimoja cha jumuiya ndogo ndogo tulichohudhuria, akina mama watatu waliojifungua katika hospitali moja walisimulia jinsi walivyopasuliwa. Wa kwanza aliambiwa kwamba nyonga zake ni ndogo, ingawa alikuwa amekwisha kuzaa watoto wawili kwa njia ya kawaida. Wa pili aliambiwa kwamba kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Wa tatu hakuambiwa lolote. Alipewa karatasi atie sahihi, usiku, uchungu ukiwa umemzidi, na hata leo hajui kilichoandikwa ndani yake. Wote watatu wa hai pamoja na watoto wao, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini yule mama wa tatu alituuliza: "Baba, nikishika mimba tena, nitamwambia mkunga kwamba nilipasuliwa kwa sababu gani?" Hatukuwa na jibu. Maneno haya yametokana na swali lake.

Tuseme kwanza kweli ambayo mtu yeyote asiisahau. Upasuaji wa uzazi ni baraka. Mtoto akilala kwa kukingama tumboni, kondo la nyuma likiziba mlango wa kizazi, kitovu kikitangulia kutoka, au mji wa mimba ukikaribia kupasuka, kuchelewa kupasua ni kuua. Mama anayekosa huduma hiyo huzikwa pamoja na mwanawe, au hubaki na fistula, mkojo ukimtoka asiweze kuuzuia, na jamaa zake wakamkimbia. Maandiko yanatuambia kwamba Rakeli alifariki njiani kuelekea Efrathi kwa uzazi mgumu. Akina Rakeli bado wanazikwa vijijini mwetu, kwa kuwa barabara ni mbovu, au kituo cha afya hakina damu wala chumba cha upasuaji.

Wala ujuzi huu haukuletwa kwetu wote kutoka ng'ambo. Mwaka 1879 mmisionari Robert Felkin alishuhudia mganga wa Kahura, katika Bunyoro, akimpasua mama mzazi. Mganga yule alitumia pombe ya ndizi kumlevya mama na kuosha mikono yake na tumbo la mama kabla ya kukata. Siku ya 11 baadaye mama na mtoto walikuwa wa hai.

Kwa hiyo hatuulizi kama kisu ni chema. Tunauliza kinatumika kwa ajili ya nani, na kwa sababu ipi.

KUAMUA

Mwaka 1985 wataalamu waliokutana Fortaleza, Brazil, chini ya Shirika la Afya Duniani, walisema kwamba hakuna eneo lenye sababu ya kuzidisha upasuaji 10 hadi 15 katika kila uzazi 100. Mwaka 2015 Shirika hilo lilieleza kwamba, kwa taifa zima, kupita 10 katika 100 hakuonekani kupunguza vifo vya akina mama na watoto wachanga. Likaongeza kwamba jambo kubwa ni kumfikia kila mama anayehitaji kupasuliwa, si kukimbilia tarakimu. Mwaka 2021 likatangaza kwamba duniani kote uzazi 21 katika kila 100 ulikuwa wa kisu. Katika Afrika kusini ya Sahara ilikuwa takriban 5 tu, huku Brazil na Misri zikipita nusu.

Tarakimu hizo zinaficha dhuluma mbili zinazokaa katika nchi moja, pengine katika dayosisi moja. Mama wa kijijini anakosa kisu anachokihitaji, na mama wa mjini mwenye kadi ya bima anapewa kisu asichokihitaji. Wote wawili hawakutazamwa kama watu. Mmoja alisahauliwa, na mwingine alihesabiwa.

Tuzipime basi zile sababu. Nyonga ndogo ni sababu ya kweli kwa baadhi ya akina mama, lakini mara nyingi haijulikani kwa hakika mpaka uchungu wenyewe upimwe kwa uvumilivu. Mtoto mkubwa hukadiriwa kwa kipimo cha picha, na kipimo hicho hukosea. Kitovu shingoni huonekana kwa watoto wengi sana wanaozaliwa salama. Chenyewe peke yake si sababu ya kukata, isipokuwa mapigo ya moyo wa mtoto yakionyesha kwamba anataabika. Kovu la zamani nalo si hukumu ya maisha: wengi waliopasuliwa mara moja wanaweza kuzaa kwa njia ya kawaida, mradi wawe hospitalini penye uangalizi wa karibu na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Na kuhusu uchungu unaokwenda polepole, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba kanuni ya zamani, ya njia kufunguka sentimeta moja kwa kila saa, haiwafai wanawake wote, wala isiwe peke yake sababu ya kuharakisha uzazi.

Ipo pia sababu isiyotajwa. Nchini Kenya, viwango vya bima ya afya ya jamii iliyoanza mwaka 2024 viliweka shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ni haki upasuaji ulipiwe zaidi, maana unadai watu wengi, dawa nyingi na siku nyingi za kulazwa. Lakini mahali ambapo mishahara inategemea mapato ya wodi, tofauti hiyo ni kishawishi. Kingine ni uchovu. Mkunga mmoja anapoachiwa akina mama wengi usiku kucha, na daktari ana zamu mahali pengine asubuhi, kisu humaliza kwa saa moja kazi ambayo uvumilivu ungeimaliza kwa kumi. Hatuwahukumu watumishi hawa. Tunaihukumu hali inayowalazimisha kuchagua njia fupi.

Njia hiyo fupi ina gharama. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kutolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba takriban mama 5 katika kila 1,000 waliopasuliwa walifariki, mara 50 ya ilivyo katika nchi tajiri. Bila kisu wangekufa wengi zaidi. Hata hivyo, kumpeleka kwenye hatari hiyo mama asiye na haja nayo ni kosa mbele ya Mungu. Na kila kovu huongeza hatari katika mimba inayofuata.

Tuseme na neno juu ya ulimi wetu. Wako wanaomwita mama aliyepasuliwa mvivu, eti hakusukuma. Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia, alimzaa binti yake wa mwisho kwa upasuaji mwaka 1962, akafariki baada ya wiki moja. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2004. Nani atamwita mvivu? Anayemcheka mama mwenye kovu anamtesa mara ya pili.

KUTENDA

Mama anapoambiwa kwamba maisha yamo hatarini, asikatae kupasuliwa. Lakini yeye, au mumewe, au ndugu aliye naye, ana haki ya kuuliza hata wakati maandalizi yakiendelea: Kuna hatari gani? Je, kungoja kunawezekana? Na akishatoka, aombe sababu iandikwe waziwazi katika kadi yake.

Hospitali zetu za Kanisa zitangulie. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 maoni ya daktari wa pili pale inapowezekana, kupitia upya kila upasuaji uliofanyika, na kusawazisha malipo ili kisu kisiwe na faida kuliko uvumilivu. Tunawaomba wakurugenzi wa hospitali za dayosisi wayapokee mashauri hayo. Hatuwezi kuidai haki serikalini huku tukiifungia nje ya wodi zetu.

Wodi zimruhusu pia mama kuwa na mwenzi wa kumfariji muda wote wa uchungu. Imethibitika kwamba anayefarijiwa hivyo huzaa kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi. WAWATA wanaweza kuandaa akina mama wa kazi hiyo katika kila parokia.

Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, walimcha Mungu kuliko Farao, na watoto wakaishi. Farao wa leo anaweza kuwa hesabu ya mapato mwisho wa mwezi.

Maswali ya jumuiya:

1. Ni akina mama wangapi kati yetu waliopasuliwa, na ni wangapi wanaojua sababu?

2. Kutoka hapa tulipo, mama mwenye uzazi mgumu usiku atafikaje hospitali?

3. Ni nani kati yetu atakayekwenda kuzungumza kwa heshima na mganga mkuu, na lini?