MBIO ZISUBIRI, SWALA HAISUBIRI

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, kila mwaka vijana wetu husafiri kwenda kushindana kitaifa. Wa sekondari wana UMISSETA, iliyofanyika Tabora mwaka 2024 na Iringa mwaka 2025. Wa vyuo, wakiwemo wa CBE, IFM na DIT hapa katikati ya jiji, wana SHIMIVUTA, na wa vyuo vikuu wana TUSA. Sisi hatuna ugomvi na mbio. Ugomvi wetu ni na fikra kwamba kijana akishavaa viatu vya mbio, basi dini yake aiache getini.

Tuanze na sisi wenyewe. Wapo miongoni mwetu wanaosema michezo yote ni upuuzi, na kwamba binti anayekimbia ameshapotea. Hao wanaharamisha bila elimu. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baadaye Mtume akashinda. Imepokewa pia kuwa aliwaamuru maswahaba watangulie kwanza. Hapo tunapata mambo mawili kwa pamoja: mbio ni halali, na stara haikuachwa.

Sasa tuwageukie wapangaji wa ratiba. Mashindano ya zaidi ya wiki moja hayawezi kuikwepa Ijumaa. Je, inapofika adhuhuri siku hiyo, kijana wa Kiislamu yuko msikitini au yuko kwenye mstari akisubiri bastola? Katika Suratun-Nisaa, aya ya 102, Allah (S.W.) ameweka utaratibu wa kuswali hata adui akiwa mbele. Ikiwa upanga haukuiondoa swala, mchujo wa mita 100 utaiondoaje? Hapa Kariakoo mfanyabiashara humwacha mteja dukani akaiendea Ijumaa, na soko halifi. Mashindano nayo hayatakufa kwa mapumziko ya saa moja na nusu.

Atakayesema kuwa msafiri ana ruhusa, tunamjibu: ruhusa hiyo ni ya Muislamu kuitumia kwa elimu yake, si ya mratibu kumkatia. Tena waamuzi na wanafunzi wenyeji wa mkoa si wasafiri.

Kuhusu mavazi, tusidanganywe kuwa riadha haiendi bila kujianika. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alikimbia na hijabu yake, akatwaa dhahabu ya mita 200 katika Michezo ya Asia, Doha, mwaka 2006, na mwaka 2008 akakimbia Olimpiki ya Beijing. Ufaransa iliwakataza wanamichezo wake wa kike kuvaa hijabu katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Tanzania si Ufaransa: Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kuabudu. Na mafundi cherehani wa Kariakoo, wanaoshona jezi za kila rangi, hawatashindwa kushona suruali pana na fulana ya mikono mirefu.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Wazazi na walimu wa Kiislamu waiombe ratiba mapema na kudai kwa barua nafasi ya Ijumaa na ya swala tano. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni zihakikishe mavazi ya stara yameshonwa kabla ya safari. Na maimamu waache kuwafukuza vijana kwa maneno makali, kisha wakashangaa kuwa safu za nyuma ni tupu.

Haki isiyodaiwa husahauliwa hata na mwenyewe. Binti yetu asilazimishwe kuchagua kati ya medali na Mola wake. Na akilazimishwa huku tumenyamaza, sisi ndio tutakaoulizwa Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.