Picha za Bibi Ziko Wapi?

Mwaka juzi laptopu yetu hapa Maskati iligoma kuwaka. Fundi akasema dawa ni moja tu: kufuta kila kitu na kuweka mfumo endeshi upya. Tukaitikia bila kuuliza. Jioni ikarudi inafanya kazi vizuri, lakini picha za harusi ya dada na sauti ya bibi akituombea dua kutoka Unguja hazimo tena.

Simlaumu fundi. Kosa letu wenyewe. Vitu vyetu tulivichanganya na vya mashine, na hapana aliyejua nini kiko wapi.

Tangu hapo natumia Linux, mfumo huria ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kilichonivutia si kwamba ni wa bure, bali mpangilio wake. Kila kitu huanzia pahala pamoja, alama ya mkwaju (/), panapoitwa mzizi. Chini yake kila folda ina kazi yake. Folda ya /etc huweka mipangilio ya mashine, /usr huweka programu, /var huweka kumbukumbu za yanayotokea, na /tmp ni ya vitu vya kupita tu. Usiweke cha thamani humo. Hata flashi ukiichomeka haipewi herufi ya peke yake kama D au E. Huingia kama tawi la mti uleule. Kwenye Ubuntu utaikuta chini ya /media.

Na watu je? Watu hukaa /home, kila mmoja na folda yake na ruhusa zake. Ni kama nyumba zetu: kuna baraza ya wageni, kuna jiko, kuna stoo, na kuna vyumba vya kulala. Hapana anayemlaza mtoto stoo.

Faida yake ni hii. Wakati wa kuweka mfumo, /home unaweza kuipa sehemu yake peke yake kwenye diski. Siku mfumo ukiharibika, unaweka mwingine na kuiacha sehemu ile bila kuifuta. Picha zinabaki. Lakini tusidanganyane: diski yenyewe ikifa, vyote vinakwenda. Nakala ya pili nje ya kompyuta ni lazima.

Mtasema hayo ni mambo ya mafundi. Mimi nasema ni malezi. Wanetu wamezoea simu. Wanajua kutafuta, hawajui kuweka. Na sisi tulio mbali na kwetu, hazina yetu kubwa imo ndani ya mafaili haya. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, muulize kila mtoto: picha za bibi ziko wapi? Akikujibu "zimo kwenye kompyuta" tu, kaa naye chini, mfungue folda pamoja.