JICHO LA MWAJIRI NA SIMU YA ASKARI: FUNZO KUTOKA NCHI JIRANI

Katika Vita Kuu zote mbili za dunia, maafisa walikuwa wakizisoma barua za askari waliokuwa mstari wa mbele kabla hazijatumwa nyumbani, na wakifuta kwa wino majina ya mahali na ya vikosi. Askari hakuona ajabu. Alijua mapema kwamba barua yake itasomwa, alimjua atakayeisoma, na alijua ni maneno gani yatakayofutwa. Leo barua imekuwa simu ya mkononi, na bahasha imekuwa akaunti ya Facebook au kundi la WhatsApp. Swali, hata hivyo, limebaki lile lile: mwajiri ana haki ya kuingia mpaka wapi katika mawasiliano ya yule anayemlipa mshahara?

Ndugu zetu wa Kenya wamelijibu swali hili kwa maandishi, na jibu lao linastahili kusomwa kwa makini na kila avaaye sare. Ibara ya 31 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Mtu huyo hapekuliwi ovyo, habari za jamaa zake na mambo yake binafsi hazidaiwi bila ya lazima, na mawasiliano yake hayaingiliwi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaongeza kwamba anayekusanya habari za mtu hana budi kufanya hivyo kwa uwazi, kwa shabaha maalumu, na kwa kiasi kile tu kinachohitajika. Kwa hiyo mwenye benki au hoteli anayetaka kujua karani wake anasuhubiana na nani baada ya saa za kazi hukutana na ukuta huo.

Lakini Katiba hiyo hiyo imeacha mlango mmoja wazi, nao unawahusu askari. Ibara ya 24, fungu la 5, inasema kwamba sheria inaweza kupunguza haki kadhaa kwa wanaotumikia Majeshi ya Ulinzi na Huduma ya Taifa ya Polisi. Miongoni mwa haki hizo ni faragha, kujiunga na vyama na kuandamana. Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 zimeutumia mlango huo. Hali kadhalika, Sheria ya Data inatoa nafasi ya pekee kwa mambo ya usalama wa taifa.

Hapa msomaji na aangalie mambo mawili. La kwanza, kinachoruhusiwa kupunguza haki hiyo ni sheria iliyoandikwa. Hasira za mkuu wa kituo na minong'ono ya kantini hazina nguvu hiyo. La pili, uhuru wa kutoa maoni, ulio katika Ibara ya 33, haumo katika orodha hiyo. Anayetaka kuupunguza uhuru huo kwa askari hana budi kupita njia ile ile anayopita kwa raia: aonyeshe sheria, aonyeshe sababu, na aonyeshe kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia shabaha yake.

Sababu za kumwekea askari mipaka si za kubuni. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliishambulia kambi ya majeshi ya Kenya huko El Adde, Somalia. Baadaye picha za askari waliouawa zilisambaa katika mitandao, na Serikali ya Kenya ikawaonya wananchi wasizieneze. Adui alikuwa amepata silaha ya pili isiyohitaji risasi, na kila mkono uliozituma picha hizo mbele ulimsaidia kuifyatua.

Miaka miwili baadaye, Januari 2018, dunia iligundua kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, ambayo programu yake hupima mwendo wa watu wanaofanya mazoezi, ilikuwa imechora kambi za kijeshi katika Afghanistan na Syria. Hakuna jasusi aliyetumwa. Askari walikuwa wakikimbia asubuhi kuzunguka kambi, na saa zao za mkononi zikaandika kila hatua. Agosti mwaka huo huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikapiga marufuku matumizi ya huduma za kuonyesha mahali katika vifaa vya askari walio katika maeneo ya operesheni.

Uganda nayo imetupatia funzo la namna nyingine. Oktoba 2022, Luteni Jenerali Muhoozi Kainerugaba, aliyekuwa Kamanda wa Majeshi ya Nchi Kavu, aliandika katika mtandao ulioitwa Twitter wakati huo kwamba yeye na jeshi lake wasingechukua majuma mawili kuuteka mji wa Nairobi. Siku iliyofuata aliondolewa katika ukamanda huo, huku akipandishwa cheo kuwa Jenerali. Kisha Rais Museveni akawaomba radhi wananchi wa Kenya. Si kazi yetu kuhukumu mambo ya nyumba ya jirani. Tunachokiona ni kwamba maneno machache katika akaunti binafsi yalimlazimu mkuu wa nchi kuzungumza na nchi nyingine. Avaaye sare hana kauli iliyo yake peke yake anapotaja jeshi, mipaka au vita, na jambo hilo lina uzito mkubwa zaidi kadiri cheo kinavyopanda. Kanuni inayombana koplo na kumwacha jenerali si kanuni.

Hadi hapa hoja inaelemea upande wa mwajiri. Lakini kuna mpaka ambao mwajiri akiuvuka hujidhuru mwenyewe. Katika jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 2010, askari magereza mmoja aliyekuwa anarudishwa kazini aliambiwa atoe neno lake la siri la Facebook ili ichunguzwe kama ana uhusiano na magenge ya wahalifu. Alilitoa, na akaunti yake ikafunguliwa mbele ya macho yake. Malalamiko yalikuwa makubwa hata mwaka 2012 Maryland ikawa jimbo la kwanza nchini humo kuwakataza waajiri kudai maneno ya siri ya wafanyakazi. Tukitafakari tutaona ubaya ulikuwa wapi. Askari yule alikuwa amekubali masharti ya kazi yake, lakini mama, mke na rafiki wa utotoni waliomwandikia hawakukubali chochote. Jicho la mwajiri liliingia nyumbani mwao bila ya hodi.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo iliamua tarehe 5 Septemba 2017 shauri la mfanyakazi wa Romania aliyefukuzwa mwaka 2007, baada ya kampuni kunakili mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake. Mahakama haikusema kwamba mwajiri hawezi kuangalia kamwe. Ilisema kwamba mfanyakazi lazima aarifiwe kabla, ajue uangalizi unafika wapi, na pawepo sababu ya haki. Huo ndio utaratibu wa zile barua za zamani.

Wapo watakaouliza: je, adui akija kwa sura ya rafiki? Naam, huja. Januari 2017 jeshi la Israeli lilitangaza kwamba Hamas ilikuwa imetumia picha za wasichana katika akaunti za uongo ili kuwashawishi askari wapakue programu za kuwapeleleza. Mwaka 2018 lilitangaza jaribio jingine la aina hiyo, na likaeleza kwamba taarifa za askari wenyewe zilisaidia kulifichua. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Askari anayejua kwamba orodha ya marafiki zake itatumiwa kumnyima cheo ataificha, atafungua akaunti ya pili kwa jina la bandia, na siku atakapotegwa atanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jeshi kifo hicho huwa cha kikosi kizima. Askari anayemwamini mkuu wake atakwenda kumwambia siku hiyo hiyo: "Afande, kuna mtu simfahamu ananiuliza habari za lindo."

Sisi hapa Tanzania tuna Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tukiyatazama ya majirani, tunaona kwamba amri njema juu ya simu ya askari ina alama nne. Imeandikwa, na kila askari ameisoma. Inakataza jambo linalojulikana, kama vile picha za kambi, safari za kikosi, zamu za lindo, majeruhi na siasa ndani ya sare. Inawashika wote, toka kuruta hadi mkuu. Na inaangalia siri ya kazi, bila kuhesabu marafiki wa mtu.

Kwa upande wake, askari asingojee kukaguliwa. Azime kifaa kinachoonyesha mahali alipo kabla ya kuingia kambini au kwenda doria. Asitume picha ya mwenzake aliyeumia kabla familia haijaarifiwa. Asikubali urafiki wa asiyemjua kwa sababu ya sura nzuri tu. Na akiulizwa jambo la kazi na mgeni, aripoti bila ya kuchelewa.

Kiapo tulichokula kinatudai siri ya jeshi na utii kwa amri halali. Hakikutudai barua za mama zetu. Mkuu anayejua tofauti ya mambo hayo mawili atapata vyote alivyo na haki navyo, na zaidi ya hapo atapata uaminifu wa askari wake, ambao hakuna neno la siri linaloweza kuufungua kwa nguvu.