Ruzizi III: megawati zitaongezeka, lakini je, zitafika nyumbani?

Kila jioni, giza linapoingia, wakaaji wa Kadutu, Ibanda na Bagira mjini Bukavu wanafanya hesabu ileile: leo umeme uko upande gani? Mtaa mmoja unawaka, mwingine uko gizani. Mwenye saluni anawasha jenereta ya esansi, mama anapuliza makala, mwanafunzi anasoma kwa mwanga wa simu. Hali hiyo ina jina ambalo hata watoto wanalijua: delestaji.

Ajabu ni kwamba Bukavu imejengwa palepale mto Ruzizi unapotoka katika Ziwa Kivu. Mto huo unashuka karibu mita 700 kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, na maji yake yanatoa umeme kwa Kongo, Rwanda na Burundi. Sasa nchi hizo tatu zinaandaa kiwanda kipya, Ruzizi III, chenye megawati 206. Kwa watu wengi wa Kivu, habari hiyo ina maana moja: delestaji itaisha.

Matumaini hayo yana msingi. Lakini kiwanda kinachotoa umeme ni kitu kimoja, na mtandao unaoupeleka umeme hadi nyumbani ni kitu kingine. Mashariki ya Kongo inakosa vyote viwili, na hadi leo ni kile cha kwanza tu kinachozungumzwa sana.

Hesabu ya megawati

Ruzizi I, iliyo kwenye mlango wa mji wa Bukavu, ilijengwa mwisho wa miaka ya 1950. Nguvu yake haifiki megawati 30. Ruzizi II ilianza kazi mwaka 1989, ikiwa na karibu megawati 44. Hii ya pili ni mali ya nchi tatu kupitia shirika la SINELAC, na kila nchi ina haki ya theluthi. Kwa hiyo, kwenye karatasi, upande wa Kongo unapata karibu megawati 44 kwa jumla, mitambo yote ikiwa mizima na maji yakiwa ya kutosha.

Megawati hizo ndizo zinagawanywa kati ya Bukavu, Goma, Uvira na sehemu zilizo katikati. Bukavu na Goma peke yake kila mmoja una watu zaidi ya milioni moja. Kwa kulinganisha, bwawa la Busanga kule Lualaba, lililojengwa zaidi kwa ajili ya mgodi wa Sicomines, lina megawati 240, yaani zaidi ya mara tano ya fungu hilo la mashariki.

Na umeme wa Inga hauwezi kusaidia. Mtandao wa mashariki haujaunganishwa na ule wa magharibi wala ule wa Katanga. Laini kubwa ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1.700 hivi, ilianza kazi mwaka 1982 ili kulisha migodi ya shaba. Inabeba mkondo wa moja kwa moja ambao hauwezi kuchotwa njiani bila kituo cha kuubadilisha, na kituo cha namna hiyo kina gharama kubwa mno. Ndiyo sababu vijiji vingi vinaishi chini ya nyaya hizo bila taa hata moja. Wajerumani, Wachina au Wabrazili wanaotumia laini za aina hiyo wana shida ileile; tofauti ni kwamba wao wana mitandao mingine pembeni yake.

Umeme haungojei

Ili kuelewa delestaji, lazima kwanza kuelewa jambo moja: umeme wa mtandao hauwekwi ghalani. Kile kinachotolewa sekunde hii lazima kilingane na kile kinachotumiwa sekunde hiihii.

Mitambo ya Ruzizi inazunguka kwa mwendo unaotoa mkondo wenye mapigo 50 kwa sekunde. Watu wengi wakiwasha pasi, friji na rishoo kwa wakati mmoja, mitambo inaelemewa kama lori linalopanda mlima wa Ngomo na mzigo mzito: mwendo unashuka. Ukishuka sana, mitambo inajizima yenyewe ili isiharibike. Ikizima mmoja, mzigo wake unaangukia iliyobaki, nayo inazima. Hapo mji mzima unaingia gizani, na kuwasha upya kunaweza kuchukua saa nyingi.

Delestaji ni njia ya kuzuia anguko hilo. Fundi anakata mtaa mmoja ili mitaa mingine isizime. Uamuzi wa kukata ni wa lazima pale umeme unapokuwa mdogo. Kinachowakasirisha raia ni namna ya kuchagua: mtaa gani unakatwa, kwa saa ngapi, na kwa nini mwingine haukatwi kamwe. Ratiba iliyotangazwa na kuheshimiwa haiongezi megawati hata moja, lakini inamwezesha mwenye mashini ya kusaga kupanga kazi yake.

Laini moja, hatari moja

Umeme unaotoka Ruzizi kwenda Goma unapanda kando ya ziwa kwa laini ya volti 70.000. Volti hizo nyingi zina sababu yake. Ukiongeza volti mara mbili kwa mzigo uleule, mkondo unaopita katika waya unapungua nusu, na umeme unaopotea njiani kama joto unabaki robo. Kwa hiyo safari ndefu inahitaji volti za juu, kisha transfoma katika kabini za mji zinazishusha hadi zile 220 zinazoingia nyumbani.

Mafundi wa mitandao duniani kote wanafuata kanuni moja: kitu kimoja kikubwa kikianguka, iwe laini, mtambo au transfoma, mtandao ubaki umesimama. Ili kanuni hiyo iheshimiwe, kila mji unahitaji zaidi ya njia moja ya kupokea umeme. Kwa umeme wa Ruzizi, njia ni hiyo moja, na inapita katika sehemu ambazo zimeona vita mara nyingi.

Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, umeme ulikatika katika mji. Pampu za maji nazo zikasimama, kwa sababu hazifanyi kazi bila umeme. Watu wakashuka ziwani na bidoni. Katika mji ambao ulikuwa umekwisha kuona kipindupindu, laini ya umeme iliyoharibika si shida ya taa tu. Ni shida ya afya.

Hata nchi tajiri haziko salama kabisa. Tarehe 28 Aprili 2025, mtandao wa Uhispania na Ureno ulianguka katika sekunde chache mchana kweupe, na mamilioni ya watu wakakosa umeme. Lakini kufikia asubuhi iliyofuata, karibu sehemu zote zilikuwa zimewashwa tena. Ziliwashwa kwa kuanzia na mabwawa ya maji na kwa umeme ulioingia kutoka Ufaransa na Moroko. Mtandao wenye njia nyingi na majirani wanaosaidia unaweza kuanguka, lakini unasimama haraka.

Pale kabini inapoelemewa

Tuseme Ruzizi III imekwisha. Theluthi ya Kongo itakuwa karibu megawati 69. Pamoja na zile za zamani, fungu la mashariki litakuwa zaidi ya mara mbili. Swali linalofuata ni rahisi: zitapita wapi?

Transfoma ya mtaa ina kipimo chake. Iliyowekwa kwa ajili ya nyumba mia moja haiwezi kulisha mia nne. Mafuta yaliyo ndani yake yanachemka, insulesheni inaungua, na siku moja inalipuka. Mitaa ya Bukavu na Goma imejaa watu waliokimbia vita vijijini, na nyumba zimeongezeka haraka kuliko kabini. Juu ya hapo kuna waya zinazovutwa kwa siri kutoka nguzo moja hadi nyumba kumi. Kila waya wa namna hiyo ni mzigo ambao fundi haujui, kwa hiyo hawezi kuupangia.

Hapo ndipo duara baya linapoanza. Umeme ni mbovu, kwa hiyo wateja wanasema hawawezi kulipa kitu wasichokipata. Kwa kuwa hawalipi, na hata ofisi za serikali zina deni la muda mrefu, SNEL inakosa pesa za transfoma. Transfoma hazibadilishwi, na umeme unazidi kuwa mbovu. Kompteri za kulipia mbele, zile watu wanaita kashipawa, zinasaidia kuvunja duara hilo upande wa malipo: mteja analipa anachotumia, na shirika linajua mzigo uko wapi. Lakini kashipawa iliyofungwa chini ya transfoma iliyoelemewa inampa mteja namba kwenye kioo, haimpi taa.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Viwanda vinavyojengwa na watu binafsi pamoja na serikali, kama Ruzizi III, hujengwa kwa mikopo mikubwa. Mara nyingi mikataba yake inamtaka mnunuzi alipe umeme ulioko tayari, autumie asiutumie. Kama waya na kabini hazitakuwa tayari siku mitambo itakapoanza kuzunguka, mashariki inaweza kujikuta inadaiwa umeme ambao haukuwasha nyumba yoyote.

Visiwa vya umeme

Kitu kimoja kimebadilika tangu sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ifungue biashara ya umeme kwa mashirika mengine nje ya SNEL. Kule Rutshuru, kiwanda cha Matebe chenye megawati 13 hivi kilizinduliwa mwaka 2015 na kinapeleka umeme hadi Goma kupitia Virunga Energies. Mjini Goma kwenyewe, kampuni ya Nuru ilifungua mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1,3. Kwa wengi waliounganishwa, tofauti imeonekana wazi.

Lakini kila shirika lina nguzo zake, waya zake na bei zake. Ni visiwa. Kisiwa kimoja kikikosa umeme, cha jirani hakiwezi kukigawia hata kama kina ziada. Jua la mchana lingeweza kuacha maji ya Ruzizi yapumzike hadi jioni, wakati watu wanapohitaji umeme zaidi, kama mitandao hiyo ingeunganishwa na kuongozwa pamoja. Kwa hilo inahitajika vifaa, lakini zaidi inahitajika kanuni: nani anaingiza umeme, kwa bei gani, na nani anabeba hasara laini ikikatika. Mamlaka ya udhibiti ya sekta hii, ARE, iliundwa kwa kazi hiyo.

Majirani watatu, maji yaleyale

Viwanda vya Ruzizi vimepangwa kama ngazi. Maji yaliyopita Ruzizi I ndiyo yanashuka Ruzizi II, na ndiyo yatakayoshuka Ruzizi III. Kinachofanyika juu kinawagusa wote walio chini. Takataka zinajulikana vizuri katika habari hiyo: mvua ikinyesha Bukavu, chupa za plastiki zinatoka kwenye mifereji na mitaro, zinaingia ziwani na kukwama mbele ya mitambo ya Ruzizi I. Wafanyakazi wanazitoa kwa mitumbwi na mashini, na mara nyingine mtambo unasimamishwa. Chupa iliyotupwa Kadutu inaweza kukata umeme Goma.

Siasa nayo inashuka na maji hayo. SINELAC iliundwa wakati Kongo, Rwanda na Burundi zilikuwa zinajenga jumuiya moja ya Maziwa Makuu. Leo Goma na Bukavu ziko chini ya AFC/M23 tangu mwanzo wa 2025, na mapatano yaliyosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kinshasa na Kigali yanazungumzia ushirikiano wa uchumi huku raia wakingoja amani yenyewe. Mwekezaji anayetazama Ruzizi III anajiuliza maswali yaleyale ya raia: nani atalinda laini, nani atakusanya malipo, na pesa zitakwenda wapi? Bila jibu, laini mpya ni chuma tu porini.

Benki ya Dunia inahesabu kwamba karibu Mkongomani mmoja tu kati ya watano ana umeme. Serikali iliahidi mwanzoni mwa 2025 kufikisha asilimia 62 ifikapo 2030. Miaka ni michache. Viongozi wanapozindua megawati, wakaaji wa Kivu wana haki ya kuuliza maswali matatu: kabini ngapi zitabadilishwa, laini ya pili ya Goma itapita wapi, na ratiba ya delestaji itaheshimiwa lini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yataonyesha kama mama wa Bagira ataacha kupuliza makala.