Mapigo Mawili si Mizunguko Miwili

Kwetu Vitshumbi, kwenye Ziwa Edouard, mvuvi mwenye injini ya mapigo mawili huchanganya oili na petroli kabla ya kuondoka ufukweni. Akisahau, pistoni hukwama akiwa katikati ya maji. Kwake istilahi si pambo.

Darasani nimesikia "deux temps" ikitafsiriwa "mizunguko miwili". Ni kosa. Pistoni ikipanda au ikishuka mara moja, hilo ni pigo. Mapigo mawili ni mzunguko mmoja tu. Mizunguko miwili ni ya injini ya mapigo manne.

Sisemi tusikope. Pikipiki ya Bantam, iliyotolewa na BSA ya Uingereza mwaka 1948, ilitokana na michoro ya DKW RT 125 ya Ujerumani, iliyochukuliwa kama fidia ya vita. Lakini Waingereza waliigeuza injini, kushoto ikawa kulia, ili gia ikae kwenye mguu waliouzoea.

Nasi tukope hivyo: tuelewe kwanza, ndipo tutoe jina. Faharasa ya ufundi isitoke kitivoni kabla fundi wa ufukweni hajaisoma na kuisahihisha.